Kelele za eshapema Goma: Suluhu itafutwe garajini, si bariyerini

Wakaaji wa Goma wanaoishi kandokando ya barabara kubwa, kuanzia Birere hadi Ndosho, wanaujua mlio huu. Pikipiki inapita mbio, motari anakata gazi ghafula, na bomba la moshi linatoa mishindo miwili au mitatu mikavu. Kwa muda mfupi kila mtu anaacha alichokuwa anafanya. Mama muuza makala anainamisha kichwa, mwenye duka anatazama mlango, watoto wanakimbilia ndani. Kisha mmoja anasema ni pikipiki tu, na kazi inaendelea.

Pikipiki hizo si mbovu zote. Nyingi zimebadilishwa kwa makusudi. Eshapema ya kiwandani imetolewa na kuwekwa nyingine fupi na wazi, au ile ile imekatwa, ikatolewa vibati vya ndani vinavyopunguza sauti, kisha ikachomelewa tena. Kwa vijana ni urembo. Wengine wanasema inaongeza nguvu. Gazeti letu linaona kwamba tabia hii inapaswa kuisha katika mji wa Goma, na kwamba inaweza kuisha bila motari hata mmoja kutozwa faini barabarani. Hilo la pili ndilo gumu, na tutalirudia.

Tuanze na kinachoitofautisha Goma na miji mingine. Kampala, Nairobi au Kinshasa, bomba la makelele ni kero. Linaharibu usingizi, linakatiza mahubiri, linawakasirisha wazee. Hapa kwetu ni zaidi ya hapo. Mji huu ulisikia bunduki tarehe 20 Novemba 2012, M23 ilipoingia mara ya kwanza. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani upande wa Mugunga na Lac Vert. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yalifika katikati ya mitaa, M23 ikauchukua mji, na wahudumu wa Msalaba Mwekundu wakazika maiti kwa mamia. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inasaidia upasuaji wa majeruhi wa vita, ilipokea watu kupita uwezo wake. Familia zilizopitisha siku hizo zikiwa zimelala sakafuni, mbali na madirisha, bado ziko hapa. Ndizo zinazopitiwa na pikipiki hizo kila mangaribi.

Waganga wanaotunza watu waliotoka vitani wanaijua dalili hii. Mwili unashtuka kabla akili haijapata muda wa kuuliza ni nini. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, na hata mtu akishajua kwamba ilikuwa pikipiki, mwili unachukua muda kutulia. Mtoto wa miaka 6 hana hata njia ya kujieleza. Anakojoa kitandani, anakataa kwenda shule, na mzazi anadhani ni ukaidi. Hatusemi kwamba eshapema ndiyo iliyomwumiza mtoto huyo. Vita ndiyo iliyomwumiza. Eshapema inamrudisha huko mara kumi kwa siku.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Katika mji kama huu, sikio ni chombo cha usalama. Mama anaamua kwenda sokoni Virunga au kubaki nyumbani kulingana na alichosikia usiku. Mlinzi wa usiku, muuguzi anayetoka zamu, kijana anayerudi kutoka kanisani, wote wanapima njia kwa masikio. Mshindo wa uongo ukisikika kila saa, mambo mawili yanatokea, na yote ni mabaya. Wengine wanaishi katika hofu isiyo na sababu. Wengine wanazoea, na siku risasi ya kweli inapolia wanasema ni pikipiki tu, wanaendelea kusimama barabarani.

Na motari mwenyewe afikiri kidogo. Anapita usiku karibu na watu wenye silaha, waliochoka, walio na wasiwasi kama kila mtu. Bomba lake linapasua mlio nyuma ya migongo yao. Nani anataka maisha yake yategemee utulivu wa kidole cha mtu asiyemjua?

Sasa tuingie katika chuma chenyewe, kwa sababu madai mengi yanayotolewa garajini hayasimami vizuri.

Pikipiki nyingi za takisi Goma ni Bajaj Boxer na TVS, za injini ndogo ya silinda moja. Boxer ya 150 ina nguvu za farasi kama 12 ikiwa mpya. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au ya Matadi, na kwa sababu hiyo injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake kabla hata abiria hajapanda. Hilo haliondolewi na bomba lolote. Hewa ni ileile.

Eshapema ya kiwandani si kopo la kuzuia moshi tu, kama wengine wanavyodhani. Ndani yake kuna vyumba na vibomba vidogo. Sauti inagonga ukuta mmoja, inarudi, inakutana na nyingine, na sehemu kubwa inamalizikia humo. Lakini urefu na upana wa bomba pia vimechaguliwa ili silinda ijisafishe vizuri na kujaa tena katika mwendo fulani wa injini. Kwa pikipiki za kazi, kiwanda kilichagua mwendo wa chini na wa kati, ule wa motari aliyebeba abiria wawili na mfuko wa unga, anayepanda kutoka Birere kuelekea Majengo juu ya mawe ya volkano. Ukifungua bomba, unaweza kupata kidogo sana pale juu kabisa, injini inapolia kwa mwendo wake wa mwisho. Unapoteza pale chini, ambako motari wa Goma anafanyia kazi siku nzima. Nani anaendesha Boxer kwa mwendo wa mwisho kati ya Signers na Entrée Président, katikati ya mabasi, machukudu na wanafunzi?

Kwa nini basi wengi wanaapa kwamba pikipiki yao imepata nguvu? Kwa sababu inalia. Sikio linamdanganya mwenye nalo. Anafungua gazi zaidi ili kupata mvuto uleule wa zamani, makelele yanaongezeka, anaona kama anaruka. Jioni anashangaa esansi imeisha mapema.

Kisha kuna karbirateri. Kiwanda kiliipima pamoja na eshapema yake. Ukibadilisha moja bila kugusa nyingine, uwiano wa hewa na esansi unaharibika. Mara nyingi hewa inazidi, joto linapanda, na supapu ya kutolea moshi ndiyo inayolipa. Fundi mwenye elimu yake anajua kwamba akifungua bomba anapaswa kubadilisha jigleri na kuangalia rangi ya buji baada ya siku chache: kahawia ni nzuri, nyeupe maana yake hewa imezidi, nyeusi maana yake esansi imezidi. Mafundi wengine watajibu kwamba kwa mwinuko wetu karbirateri tayari inatoa esansi nyingi kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo bomba wazi linasawazisha mambo. Kuna ukweli katika hilo, na hatutaki kuwadharau watu wanaoijua kazi yao. Ila kusawazisha kwa bahati si kupima. Ni wangapi wanaofungua buji na kuitazama baada ya kupokea pesa?

Ile mishindo inayofanana na risasi inatokea hapo hapo. Motari anapokata gazi, esansi kidogo ambayo haikuungua inapita hadi ndani ya bomba lenye moto. Kama mshono wa eshapema unapitisha hewa, au jointi imekwisha, hewa safi inaingia, na mchanganyiko huo unalipuka ndani ya bomba. Eshapema yenye vibati vyake ingeumeza sehemu kubwa ya mlio. Bomba tupu linautoa wote nje, kama tarumbeta. Wapo pia wanaoufanya kwa makusudi. Wanazima kontakti pikipiki ikiwa inatembea, wanaacha esansi ijae, wanawasha tena. Unaufahamu mchezo huo kama umewahi kupishana na msafara wa harusi. Ni mchezo unaopasua eshapema na kuharibu injini, na katika mji huu ni mchezo mbaya.

Desibeli zinasema nini? Katika sheria ya India, nchi zinakotoka Bajaj na TVS, pikipiki mpya yenye injini ya kati ya sentimeta za ujazo 80 na 175 haitakiwi kupita desibeli 77 inapopimwa ikipita. Bomba lililotolewa vibati linaweza kufikisha 100 kwa mtu aliye karibu nalo injini inapovuta. Tofauti ya kutoka 77 hadi 100 haisikiki kubwa kwenye karatasi, lakini hesabu ya desibeli si ya kuongeza tu: kila zinapopanda 10, sikio linasikia kama sauti imekuwa mara mbili, na nguvu ya sauti yenyewe imekuwa mara 10.

Wa kwanza kuumia ni motari. Wataalamu wa afya kazini wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, kwa 94 ni saa moja, na kwa 100 ni dakika 15. Motari wa Goma anafanya kazi saa 10 au 12, wengi bila kaske inayofunika masikio. Uziwi unaoletwa na makelele hauna dawa, kwani vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Unaanza polepole, kwa sauti nyembamba. Mtu anasikia kwamba mtoto wake anaongea lakini haelewi maneno. Anaanza kusema watu siku hizi wananong'ona. Anapofika miaka 40 amechelewa.

Na abiria? Tazama miguu ya akina mama wanaopanda pikipiki kila siku, upande wa kulia, chini ya goti. Makovu hayo ni ya eshapema. Ile ya kiwandani ina bati la kukinga joto. Zile fupi zinazofungwa garajini mara nyingi hazina, na nyingine zinapita karibu zaidi na mguu. Mtoto anayeshushwa haraka kwenye mlango wa shule anagusa chuma na ngozi inabaki pale. Kwa kuwa tumefika hapo: mguu ulioungua uwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, bila mafuta, bila unga. Tunajua kwamba kuna mitaa ya Goma ambako dakika 20 za maji safi ni anasa. Hilo ni tahariri nyingine.

Watetezi wa bomba wazi wana hoja moja ambayo tunaiheshimu. Wanasema makelele yanawaokoa, kwamba dereva wa Fuso hamwoni motari lakini anamsikia. Barabara ya Sake haina huruma, na mwenye kuifanyia kazi ana haki ya kutafuta kila njia ya kubaki hai. Lakini bomba linaelekea nyuma, na gari linalomuua motari mara nyingi liko mbele yake au linatoka pembeni. Dereva aliyefunga vioo na kufungulia muziki anamsikia motari wakati ameshampita. Taa ya mbele inayowaka mchana, honi inayofanya kazi, gile inayong'aa na breki nzuri vinaokoa zaidi. Na mtembea kwa miguu, ambaye naye ana haki ya barabara, anapozungukwa na mabomba matano yaliyo wazi hajui tena hatari inatoka wapi.

Tuseme pia ukweli ambao wakubwa hawapendi kuusikia: pikipiki nyingi hazikufunguliwa bomba kwa ajili ya urembo. Eshapema imeoza. Injini ikichoma lita moja ya esansi inazalisha karibu lita moja ya maji, ambayo mengi yanatoka kama mvuke, lakini sehemu inabaki ndani ya bomba, hasa asubuhi na katika safari fupi, na inakula chuma kutoka ndani. Kutoka nje kuna mvua, matope, na mawe ya volkano yanayopiga tumbo la pikipiki kila siku tangu mlipuko wa 2002 ulipofunika sehemu ya mji na kutuachia barabara za namna hii. Wakaaji wa Rusayo wanajua jinsi moshi wa Nyiragongo unavyotia mvua asidi na mabati yao yanavyoshika kutu. Eshapema haiwezi kupona pale mabati hayaponi. Inapotoboka, motari anaenda kwa fundi. Eshapema mpya ya asili ni ghali, na ile ya kuigiza inayouzwa kwa bei nafuu haimalizi mwaka. Kukata sehemu iliyooza na kufunga bomba tupu ni bei ya sahani chache za sombe. Motari anafanya hesabu, na hatumlaumu kwa kujua hesabu.

Ila pikipiki hiyo ni ya nani? Mara nyingi si ya anayeiendesha. Kuna mwenye mali, ambaye anapokea versema yake kila jioni, mvua ijae au jua liwake. Yeye ndiye aliyenunua, yeye ndiye atakayeuza, na supapu ikiungua ni mali yake inayoungua. Lakini eshapema ikitoboka anamwambia kijana ajitegemee. Kama kuna mtu mmoja ambaye tahariri hii inamlenga, ni huyo. Tairi, mnyororo na breki wengi wao wanakubali kulipa, kwa sababu bila hivyo pikipiki haitembei na versema haiji. Eshapema wanaiacha kwa sababu pikipiki bila eshapema inatembea. Makelele wanayasikia majirani wa wengine.

Je, sheria inasema nini? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya uchukuzi wa barabarani unataka kila injini ya gari iwe na kifaa kinachofaa cha kupunguza sauti ya moshi. Nchi yetu iliingia katika mkataba huo mwaka 1977, na Sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 ikaja kuwa kanuni mpya ya barabara. Kwa hiyo hatuhitaji sheria nyingine. Jambo hili limekatazwa tangu kabla wengi wa wamotari wa leo hawajazaliwa.

Na hapo ndipo tunapoogopa. Kila mara jambo la pikipiki linapoinuka Goma, jibu linakuwa lilelile. Kuna siku ya tangazo, kisha kuna mtu anayesimama barabarani. Tumeona hivyo kwa kaske, kwa gile, kwa vibao vya nambari, kwa saa za usiku. Wiki ya kwanza ni ukaguzi, wiki ya pili ni biashara. Motari anatoa franga chache bila risiti, anapita na kosa lake, kesho anatoa tena. Mamlaka zimebadilika mjini, bariyeri zimebadilisha wenyewe, lakini mfuko unaotobolewa umebaki wa yule kijana. Eshapema ingefaa sana kwa biashara hiyo, kwa kuwa hakuna chombo cha kupima. Anayesimamisha ndiye atakayeamua kwa sikio lake kama bomba linalia sana au kidogo, na sikio lenye njaa linasikia mengi. Mwisho wake tunaujua: makelele yatabaki, bei ya safari kutoka Ndosho hadi Birere itapanda, na abiria ndiye atakayelipa.

Ndiyo maana tunasema kazi hii ianzie garajini. Mafundi wanaofungua mabomba si jeshi lisilojulikana. Wanajulikana mtaa kwa mtaa, wana mahali pao pa kazi, wengi wamesimama hapo miaka. Meya na wakuu wa komuni za Goma na Karisimbi wanaweza kuwaita pamoja na vyama vya wamotari, na kukubaliana nao jambo dogo: kuanzia tarehe fulani hakuna garaji inayotoa vibati vya ndani ya eshapema, na kila eshapema inayotoboka inachomelewa, haikatwi. Fundi asipoteze mkate wake. Kazi ya kurudisha kilichotolewa ni kazi inayolipwa, na iko nyingi mno mjini kwa miezi kadhaa. Vyama vya wamotari, ambavyo vinakusanya michango kila siku kwenye parkingi, vinunue eshapema kwa wingi na kuziuza kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Hiyo ingekuwa faida ya kwanza ambayo wanachama wengi wangeiona kwa macho. Wenye mali waandikiwe moja kwa moja, maana majina yao yamo kwenye karatasi za pikipiki.

Ukaguzi ufanyike kwenye parkingi, asubuhi, injini ikiwa baridi, mbele ya mkuu wa parkingi na si kwenye kona ya giza. Hauhitaji mashine kutoka Ulaya. Chukua waya mgumu wa urefu wa mkono na uuingize taratibu kwenye mdomo wa eshapema. Ukigonga bati mapema na kukwama, vibati vipo. Ukipenya moja kwa moja hadi mwisho, bomba ni tupu. Motari anaona, mkaguzi anaona, wenzake wanaona, hakuna wa kubishana na waya. Aliyekutwa na bomba tupu apewe karatasi na siku 30 za kutengeneza. Karatasi hiyo isiwe ya kulipia. Akirudi siku ya 31 bila kutengeneza, aitwe mwenye pikipiki, si kijana.

Wale wanaopenda bomba la fasheni kweli, na wana pesa za kulinunua, hatuwazuii. Yapo yanayouzwa yakiwa na kizuizi cha sauti ndani kinachofungwa kwa skrubu. Kosa la wengi ni kukitoa siku ya kwanza. Anayeagiza bomba kama hilo aliagize na kizuizi chake, aulize kama lina bati la kukinga mguu wa abiria, abadilishe jointi iliyochakaa, na amlipe fundi arekebishe karbirateri kazi inapokwisha. Likifungwa hivyo, jirani hatalisikia, na buji itakuwa kahawia.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za takisi zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Hizo hazina eshapema kabisa. Wengine hapa wanasema tungoje zifike. Goma ilimjengea chukudu sanamu kwenye mzunguko, nacho hakina injini wala kelele, kwa hiyo ukimya hautatushinda kuupenda. Lakini pikipiki ya umeme inahitaji umeme usiokatika, na wakaaji wengi bado wanachaji simu kwa jirani. Kwa miaka kadhaa mbele, barabara za mji huu zitabaki za Boxer na TVS za esansi, hizi hizi zilizopo.

Kwa hizo, kinachotakiwa ni kipande cha bati, fundi mwenye mashine ya kuchomelea, na mwenye pikipiki atakayekubali kutoa pesa hiyo kabla ya kudai versema ya jioni. Mwaka wa shule utakapoanza tena, mabomba yanayopita mbele ya shule na ya hospitali ya Ndosho ndiyo ya kwanza kushughulikiwa, na vyama vya wamotari havihitaji kungoja tangazo la mtu yeyote ili kuanza na parkingi za pale.